Mshahara wa theluthi: kisa cha mtaalamu wa programu wa Sinza

Kampuni moja ya Marekani inamtaka mtaalamu wa programu anayeishi Sinza, Dar es Salaam. Kazi ataifanyia nyumbani, kwa intaneti. Mwenzake wa cheo kilekile aliyeko Chicago analipwa dola 6,000 kwa mwezi kabla ya makato. Yeye anaahidiwa dola 2,000, na barua ya ajira ina aya inayoeleza sababu: kampuni huwalipa watu wake wote sawa kwa kipimo cha uwezo wa kununua, na kwa kuwa bei za Tanzania ni karibu theluthi moja ya bei za Marekani, basi dola 2,000 za Dar ni sawasawa na dola 6,000 za Chicago.

Ni mwaka 2024. Dada huyu nilimfundisha takwimu alipokuwa chuoni, akaniletea barua hiyo na swali moja: "Mwalimu, hesabu hii ni ya kweli au nafanywa mjinga?" Ameniruhusu kuandika kisa chake, nami nimebadilisha mambo madogomadogo asije akatambulika.

Kabla ya kuigusa hesabu ya kampuni, tulitenganisha maswali mawili ambayo ndugu na marafiki walikuwa wanayachanganya. La kwanza: je, ajira hii inamfaa kuliko aliyo nayo? La pili: je, ni kweli analipwa sawa na mwenzake wa Chicago? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na mkataba akausaini bila kujipinga.

La kwanza halikutuchukua muda. Kwa sasa analipwa shilingi 2,400,000 katika ofisi moja ya mjini. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni, kisha kodi ya mshahara, anabaki na kama 1,684,000, na mwajiri humuongezea asilimia 10 nyingine kwenye mfuko. Dola 2,000, kwa kiwango cha 2,600 tulichokubaliana kukitumia, ni shilingi 5,200,000. Ngazi ya kodi ni ileile: 128,000 kwa milioni ya kwanza, asilimia 30 kwa kila kinachozidi. Kodi inafika 1,388,000, naye anabaki na 3,812,000. Ni zaidi ya mara mbili ya anachopeleka nyumbani sasa, ingawa michango ya pensheni na bima ya afya huko itabidi ajilipie mwenyewe. Mama yake, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya shughuli nyingine, alimwambia usiache mbachao kwa msala upitao, na hofu yake ilikuwa na msingi: mkataba wa mwaka mmoja na watu wasio na ofisi hapa nchini haulingani na ajira yenye mwanasheria na chama cha wafanyakazi. Hata hivyo pengo la fedha lilikuwa kubwa mno kulipuuza.

La pili ndilo lililonikalisha mezani wikiendi nzima.

Wazo lenyewe la kulinganisha sarafu kwa uwezo wa kununua lina zaidi ya miaka mia. Mchumi wa Sweden, Gustav Cassel, ndiye aliyelipa jina mwaka 1918, wakati nchi zilizokuwa vitani zilikuwa zimeacha kuzifunga sarafu zao na dhahabu na hakuna aliyejua sarafu zibadilishwe kwa kiwango gani. Alisema tazama uwezo wa kila sarafu kununua nyumbani kwake. Kazi kubwa ya kukusanya bei ilianza mwaka 1968, Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipoanzisha Mpango wa Kimataifa wa Ulinganisho. Leo unasimamiwa na Benki ya Dunia. Kwa upande wa Afrika, Benki ya Maendeleo ya Afrika ndiyo inayoratibu, na kwetu Ofisi ya Taifa ya Takwimu ndiyo inayopeleka wadadisi sokoni na madukani. Mzunguko wa bei za mwaka 2021 ulitolewa Mei 2024, wiki chache kabla dada huyu hajapokea barua yake.

Kinachotoka huko ni idadi ya shilingi zinazohitajika hapa kununua kile ambacho dola moja hununua Marekani. Kwa Tanzania idadi hiyo haifiki 1,000, wakati sokoni dola ilikuwa inauzwa 2,600. Gawanya, utapata kiwango cha bei cha karibu theluthi. Kwa hiyo kampuni haikubuni kitu. Namba waliyoiandika ipo, na imetengenezwa na watu makini.

Namba hiyo ina kazi zake. Benki ya Dunia inapohesabu maskini wa dunia, mstari wake uliokuwa unatumika wakati huo ulikuwa dola 2.15 kwa siku, na dola hizo ni za uwezo wa kununua. Redioni utasikia mtu anazidisha 2.15 kwa kiwango cha duka la fedha na kutangaza kwamba Mtanzania anayeishi chini ya shilingi 5,600 kwa siku ni fukara wa kimataifa. Amekosea kwa zaidi ya mara mbili. Mstari ule, kwa shilingi zetu na kwa bei za mwaka 2017 ulizopimiwa, hauzidi 2,150. Mstari wetu wenyewe wa mahitaji ya msingi, kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama 1,640 kwa siku. Bila kipimo cha uwezo wa kununua huwezi kuviweka vitu hivi meza moja. Lakini benki hiyohiyo inapozipanga nchi kwenye madaraja ya kipato haitumii kipimo hiki, inatumia dola za soko zilizolainishwa kwa wastani wa miaka mitatu. Ndivyo Tanzania ilivyopandishwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini tarehe 1 Julai 2020, kwa pato la dola 1,080 kwa mtu dhidi ya kizingiti cha 1,036. Wenye namba wanajua kwamba kila swali lina rula yake. Aliyeandika ile barua ya ajira alichukua rula ya Pato la Taifa akampimia mtu mmoja.

Na Pato la Taifa lina mambo mengi ndani yake. Kuna matumizi ya kaya zote, kuanzia Masaki hadi vijiji vya Songea. Kuna mishahara ya walimu na wauguzi wa serikali. Kuna ujenzi wa barabara na madaraja. Theluthi ni wastani wa vyote hivyo. Msichana wa Sinza mwenye kompyuta mbili na gari dogo hanunui madaraja.

Tukaanza kulinganisha bei moja moja. Sehemu hii nawashauri wasomaji waifanye wenyewe, maana inafundisha kuliko kitabu.

Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023. Basi au treni ya chini ya ardhi ya New York wakati huo ilikuwa dola 2.90, yaani shilingi 7,540. Kwa hapa unapanda mara kumi na mbili. Kunyoa Sinza kwa 3,000 au 5,000, Marekani hutoki kwenye kiti chini ya dola 20. Mpaka hapo theluthi inaonekana hata ni kubwa mno.

Sasa nenda kituo cha mafuta. Kwa bei elekezi za mwaka 2024 za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, lita ya petroli Dar ilicheza kati ya 2,900 hivi na 3,300. Marekani galoni moja ilikuwa kama dola 3.30 kwa wastani, na galoni yao ni lita 3.785, lita inatoka senti 87, shilingi 2,270. Sisi tunalipa zaidi yao. Umeme: kwa mteja wa kawaida uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA inafika kama 356. Kaya ya Marekani ililipa kama senti 16 kwa wastani, shilingi 416. Hapo Dar ni karibu asilimia 86 ya Marekani. Theluthi imekwenda wapi? Maziwa ya pakiti ndiyo yaliyomshangaza zaidi. Galoni ya maziwa kule ni kama dola nne, lita ikiwa shilingi 2,750, wakati yeye alikuwa na risiti ya supamaketi ya Mlimani City ya lita moja kwa 3,200. Kompyuta yake, simu yake, vipuri vya Toyota yake: vyote vimesafiri kwa meli au ndege, vimepita bandarini, vimelipiwa VAT, na gari lenyewe lililipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 pamoja na ushuru wa bidhaa. Hakuna hata kimoja ambacho mwenzake wa Chicago amekinunua kwa bei ya juu kuliko yeye.

Bei za Dar, basi, zimegawanyika pande mbili. Vitu vinavyovuka mipaka vina bei ya dunia au zaidi. Vitu visivyovuka, ambavyo ni kazi za mikono ya watu pamoja na pango, vina bei ndogo sana. Chakula kiko katikati, na katika nchi kama yetu huwa ghali kuliko watu wa nje wanavyodhani. Sukari ilipopaa mwanzoni mwa 2024 hadi kupita 4,000 kwa kilo, hakukuwa na theluthi yoyote ya kujivunia.

Tukaandika kapu lake la mwezi. Pango Sinza, vyumba viwili, 600,000, ambalo kwa desturi ya mji huu hulipwa miezi sita mbele na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Dada wa kazi, 200,000, kwa kuwa ana mtoto wa miaka mitatu. Saluni, fundi bomba, mtu wa kufua mazulia, 100,000. Sokoni na supamaketi, 700,000. Luku, petroli na intaneti, na intaneti yenyewe ni ya laini mbili maana ikikatika kazi imesimama, 700,000. Vipuri, dawa na akiba ya kubadili vifaa, 500,000. Jumla 2,800,000, dola 1,077. Ada ya chekechea, fedha za kutuma Tanga na akiba tuliziweka pembeni.

Kisha tukamuuliza mwenzake wa Chicago, ambaye wanaandikiana kila siku na hana hiana, vitu hivyohivyo angevipata kwa kiasi gani. Pango la chini kabisa lenye vyumba viwili, dola 1,400. Saluni na mafundi 300. Chakula 540. Umeme, mafuta na intaneti 250. Vipuri na vifaa 175. Mtu wa kukaa na mtoto saa 160 kwa mwezi hawezi kulipwa chini ya kima cha chini cha mji wa Chicago, ambacho kuanzia Julai 2024 kilikuwa dola 16.20 kwa saa: jumla dola 2,592. Kapu zima dola 5,257.

Dola 1,077 kwa 5,257. Moja ya tano.

Dada alinyamaza. Akasema, "Kumbe wamenipa nyingi." Nikamwambia hesabu haijaisha, na arudi kwenye mstari mmoja wa kapu. Ondoa dada wa kazi pande zote mbili. Dar inabaki 2,600,000, ambayo ni dola 1,000 kamili; Chicago inabaki 2,665. Uwiano unaruka kutoka asilimia 20.5 hadi 37.5. Mtu mmoja, anayelala chumba cha uani na kuamka saa kumi na moja alfajiri, ndiye aliyeubeba zaidi ya nusu ya unafuu wote wa maisha ya bosi wake.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wakae nami kidogo, kwa sababu ndiyo roho ya jambo hili. Kwa nini huduma ni rahisi Dar? Mwaka 1964 wachumi wawili, Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa njia yake, walieleza sababu. Kinyozi wa Sinza na wa Chicago hutumia dakika zilezile kwenye kichwa kimoja. Tofauti ya malipo yao haitokani na ustadi wa mikasi. Inatokana na kwamba viwanda na mashamba ya Marekani huzalisha thamani kubwa kwa saa ya mtu mmoja, hivyo mishahara iko juu, na kinyozi asipolipwa vizuri ataacha mkasi aende kiwandani. Hapa kwetu uzalishaji ni mdogo, mishahara ni midogo, na kinyozi hana pa kwenda. Bei ndogo ya huduma ni mshahara mdogo wa mtu fulani, umeandikwa kwa jina lingine. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Dada wa kazi wa Sinza analipwa zaidi ya mara tatu ya hapo, na bado mshahara wake wa mwezi ni saa tano tu za mlezi wa mtoto wa Chicago.

Kwa hiyo hoja ya kampuni, ukiivua nguo, inazunguka: tunakulipa kidogo kwa sababu bei za kwenu ni ndogo, na bei za kwenu ni ndogo kwa sababu watu wa kwenu wanalipwa kidogo. Ukimpandishia mishahara kila mtu wa Dar, kiwango cha bei kitapanda na "usawa" wao utadai alipwe zaidi. Umaskini wa jirani yake umefanywa punguzo la mshahara wake, na punguzo hilo linakwenda kwa mwenye kampuni. Dada wa kazi na kinyozi hawaoni hata senti.

Tena kazi anayoiuza yeye haina ukinyozi ndani yake. Programu anayoiandika Sinza usiku inatumika Chicago asubuhi. Haipiti bandarini, hailipi ushuru, na mteja haulizi imeandikwa mtaa gani. Ni bidhaa inayovuka mipaka kuliko petroli. Bidhaa za namna hiyo huuzwa kwa bei ya dunia, na kampuni huiuza hivyo. Ni upande wa kununua tu ndipo ghafla inakumbuka bei ya mchicha wa Shekilango.

Nataka kuwa mwadilifu kwa kampuni pia. Soko la Dar lingempa 2,400,000, labda 3,000,000. Wao wanatoa zaidi, na mwajiri ana haki ya kutoa kiasi ambacho mtu atakubali. Kama barua ingesema "hiki ndicho tunachotoa, tunaamini hutapata zaidi hapo ulipo," nisingekuwa na neno. Ubaya ni kuyaita majadiliano ya nguvu jina la usawa na kuyatilia mhuri wa takwimu za Benki ya Dunia. Benki yenyewe huandika kwenye ripoti za mpango huu kwamba namba zake ni za ngazi ya taifa, zina ukingo wa makosa, na hazifai hata kuamulia kama sarafu ina thamani pungufu. Hakuna mahali inaposema zigeuzwe kuwa ngazi ya mishahara ya mtu mmoja mmoja.

Turudi kwenye hesabu, maana tulikuwa tumefanya nusu tu. Tulilipeleka kapu la Dar Chicago. Haki inadai tulilete la Chicago Dar. Mwenzake hutumia dola 4,000 kwa mwezi: pango 1,700, chakula 600, nishati na intaneti 450, gari, vifaa na dawa 900, huduma za watu 350. Tukatafuta vitu vya hadhi ileile hapa. Nyumba yenye lifti, jenereta, maji yasiyokatika na ulinzi haipo Sinza; ipo Masaki na Oysterbay, na wakati ule madalali wa huko walikuwa wanakutajia bei kwa dola (kanuni za Machi 2025 zilikuja kupiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, jambo ninaloliunga mkono). Tukapata ya 1,050. Chakula cha mazoea yake, jibini na nafaka za boksi, 540. Nishati 500. Gari na vifaa 1,050. Huduma 60. Jumla dola 3,200. Kwa kapu la Chicago, Dar ni asilimia 80 ya Chicago.

Moja ya tano kwa kapu moja, nne ya tano kwa kapu lingine, mji mmoja, mwezi mmoja. Hakuna aliyedanganya. Watu hununua kwa wingi kile kilicho rahisi kwao: sisi tunaajiri watu, wao wananunua mashine. Mswahili akienda Chicago na maisha yake ya Dar atafilisika kwa wiki mbili. Mmarekani akija Dar na maisha yake ya Chicago atashangaa akiba iko wapi. Watakwimu hulijua tatizo hili tangu zamani, na njia yao mojawapo ni kuzidisha uwiano wote wawili kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwetu: 0.205 mara 0.80, kipeuo chake ni kama 0.405. Bila dada wa kazi: 0.375 mara 0.80, kipeuo chake karibu 0.55. Mara dola 6,000, unapata 2,430 kwa hesabu ya kwanza na karibu 3,300 kwa ya pili.

Kwa hiyo hata kwa kukubali kanuni yao yote, pamoja na kumweka dada wa kazi ndani ya kapu kwa mshahara anaolipwa, dola 2,000 hazikufika kwenye usawa waliouahidi.

Kuna jambo la muda pia, ambalo barua haikuligusa. Kati ya mwanzo wa 2021 na mwisho wa 2024 bei za Marekani zilipanda kwa jumla ya karibu asilimia 21, zetu karibu asilimia 16. Kwa nadharia ya Cassel shilingi ingepaswa kuimarika kidogo. Ilishuka: dola iliyokuwa 2,300 mwaka 2020 ilikuwa na wastani wa karibu 2,600 mwaka 2024, miaka ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wanaitafuta dola kwa tochi. Kwa macho ya mwenye dola, Dar ilikuwa imeshuka bei kwa asilimia 15 hivi ikilinganishwa na kwao. Muulize mama lishe wa Tandale kama aliona kitu kikishuka. Na kwa dada yetu, ambaye robo ya kapu lake ni vitu vya dola, kushuka huko kulikuja kama kompyuta iliyopanda bei.

Aliandika jibu ukurasa mmoja. Hakutumia neno dhuluma wala hakutaja fomula. Aliweka makapu mawili kwenye jedwali, akaonyesha uwiano wote, akaomba 3,300, na akasema kama kampuni inataka kuendelea kutumia neno sawa basi ieleze ni kapu la nani. Wiki tatu kimya. Mama yake akaanza kumwambia unaona sasa. Kisha likaja jibu: dola 2,750 na bima ya afya kwa yeye na mtoto, na ile aya ya uwezo wa kununua imeondolewa kwenye barua mpya. Akasaini mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi huohuo alimpandishia dada wa kazi hadi 300,000 na kuanza kumlipia NSSF, bila mimi kumwambia.

Siku aliposaini, dola ilikuwa karibu 2,700, na 2,750 zake zilikuwa shilingi 7,425,000. Ilipofika Desemba shilingi ilikuwa imepanda kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia, dola ikawa karibu 2,400. Mshahara uleule ukawa 6,600,000. Laki nane na ishirini na tano zimeyeyuka, mwenye nyumba wa Sinza hajapunguza hata shilingi, wala dada wa kazi hapaswi kupunguziwa. Akaniandikia tena, safari hii akiuliza kama kuna uwezo wa kununua wa kumkinga na hilo. Haupo, huo ni mchezo wa kiwango cha kubadilisha fedha, na dawa yake inaandikwa kwenye mkataba. Januari waliongeza kifungu: kila miezi sita mshahara unapitiwa upya, wastani wa kiwango cha Benki Kuu kwa kipindi hicho ukishuka chini ya 2,500 anaongezwa nusu ya tofauti, ukipita 2,800 haongezwi chochote hadi mapitio yanayofuata.